Seremala wa Roketi za Mbao

Shemeji yangu tunamwita Milimeta, na jina hilo nilimpa mimi mwenyewe. Siku alipoletwa kwetu kumposa dada yangu, wazee wakiwa hawajamaliza hata kusalimiana, yeye alikuwa amekaza macho kwenye fremu ya mlango. Alijikaza, akajikaza, mwishowe uvumilivu ukamwishia. Akamwambia baba yetu, kwa adabu zote, kwamba mlango umeinama upande wa kushoto, si sana, milimeta chache tu, na kwamba akiruhusiwa angekuja siku nyingine kuunyoosha bure. Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi sikucheka. Nilijisemea kwamba dada yangu anakwenda kuolewa na tepu ya kupimia.

Mlango aliunyoosha kweli, na tangu hapo haujakwama. Huwezi kumchukia mtu wa namna hiyo kwa muda mrefu, ingawa nimejaribu. Mimi ni fundi wa maturubai, yeye ni seremala, na wote wawili ni raia tulioajiriwa katika karakana ya kambi ya jeshi, pembe moja na pembe nyingine, katikati yetu vumbi la mbao na kelele za cherehani yangu. Ametengeneza vitanda vya mabweni, meza za ofisi, masanduku ya risasi, na zile sanamu za mbao ambazo askari huzilenga wakijifunza shabaha. Sanamu hizo ndizo zilizokuwa zikinipandisha hasira. Kitu kinakwenda kutobolewa matundu, wewe unakipiga msasa wa nini? Mabega yametoka sawasawa, shingo imekaa mahali pake, hata masikio ameyaweka!

"Shemeji," hunijibu bila kuinua kichwa, "mimi sijui kutengeneza kitu kibaya. Ukinilazimisha, mkono unaniuma."

Ana mtoto mmoja tu, wa kiume. Mpwa wangu huyo alikulia kwenye vumbi la mbao, akajua kushika randa kabla hajajua kushika kijiko vizuri. Baba yake alimfundisha kama alivyofundishwa yeye: unapima, unapima tena, halafu unamwita mtu mwingine apime. Ukikosea unaanza upya, na hakuna kulia. Kijana alikuwa na kasoro moja tu ambayo nyumba nzima ilishindwa kuiondoa. Akiwa anawaza jambo husimama kwa mguu mmoja, ule wa pili ameukunja na kuuegemeza kwenye goti, na anaweza kukaa hivyo mpaka wewe unayemtazama uchoke.

"Simama kama watu!" dada alikuwa akimfokea. "Huo mguu mwingine umemwazima nani?"

Alipokua alikataa mbao, akasema anataka vyuma, akaingia jeshini. Waliomfundisha gwaride walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Akiwa kwenye mstari alisimama kwa miguu miwili kama wenzake. Akiambiwa legea, mguu unapanda.

Halafu jeshi likaanza kubadilika mbele ya macho yetu. Asubuhi moja yaliingia magari makubwa ya kurushia roketi, marefu, mabomba yamepangwa mgongoni, na mimi nikaitwa kuyapimia maturubai. Mizinga ya zamani ilikokotwa nyuma ya stoo, ikaachwa huko majani yaiotee. Yakaja magari madogo yasiyo na dereva, yanayobeba mizigo peke yake. Ukisimama mbele ya mojawapo linasimama, linakungoja kama mtu mwenye heshima, kisha linakuzunguka. Mpishi wa kambi aliapa kwamba moja lilimfuata mpaka jikoni, na tangu siku hiyo alikuwa akifunga mlango kwa komeo. Zikaja pia bunduki nene za kuzuia droni. Hizo hazitoi risasi. Unailenga droni iliyo juu, inachanganyikiwa, inapoteza njia na kuanguka.

Tulizishangilia siku ya kwanza, lakini shangwe haikudumu. Redio ilikuwa ikisema kwamba majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka nao wananunua, tena wananunua kuliko sisi. Na watu wakaanza tabia mpya, ya kutazama juu. Unazungumza na mtu kuhusu bei ya misumari, katikati ya neno anainua kichwa, anasikiliza, kisha anaendelea. Hata mimi nilijikuta nafanya hivyo, nikajikasirikia.

Ndipo alipokuja kapteni. Alikuwa mwanamke mhandisi, mpole, asiyepandisha sauti hata kwa mtu aliyekosea. Sijawahi kumsikia akimtukana mtu, na siku hizi upole wake ndio ninaouogopa.

"Mzee," alimwambia Milimeta, "nasikia wewe hujui kutengeneza kitu kibaya."

"Ni ugonjwa, afande."

"Basi ugonjwa wako ndio dawa yangu. Nataka unitengenezee magari ya roketi."

Milimeta alinitazama. Mimi nikaitazama cherehani.

"Ya mbao," kapteni akaongeza, akitabasamu. "Ya kweli ni machache na ni ghali mno. Adui akituma droni zake kutafuta, nataka zione haya yako kwanza. Apoteze makombora yake kwa kuni."

Furaha aliyoipata shemeji yangu sijawahi kuiona hata siku ya harusi yake, na dada akiyasoma haya anisamehe. Tulipewa malori mabovu, mabomba ya plastiki, plaiwudi na rangi. Alipima gari la kweli kuanzia taa hadi mkia. Alilala chini yake, akapanda juu yake, akaingiza mkono mahali ambapo hakuna droni wala binadamu angewahi kupaona. Kwa sababu droni huona joto, aliweka pipa la makaa chini ya boneti, mahali pa injini. Mimi nilishona maturubai na kuyachakaza kwa mchanga ili yafanane na yale yaliyokwishapigwa na jua.

Yalipokamilika, fundi makanika wa kambi alitumwa kukagua mafuta ya injini. Akafungua boneti ya gari mojawapo, akakuta makaa. Aligeuka kutuangalia, akatoa matusi ambayo siwezi kuyaandika, na Milimeta akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akicheka hivyo.

Magari ya mbao yalipelekwa mbali, kwenye uwanda wenye vichaka karibu na mpaka, na yale ya kweli yakafichwa upande mwingine. Lakini kapteni hakuridhika. Gari lililoachwa peke yake halimdanganyi mtu, alisema. Lazima pawe na askari wanaopita, moshi wa kupikia, nguo zilizoanikwa. Kikachaguliwa kikosi kidogo cha kukaa na mbao zile na kuishi kana kwamba wana kazi. Na anayefaa kukiongoza alionekana mara moja. Upepo ukivunja bomba, mvua ikibandua rangi, nani atajua kurekebisha kama si mtoto wa seremala aliyeyatengeneza?

Habari ilifika nyumbani tukiwa mezani. Mpwa wangu alipiga simu mwenyewe. Amepandishwa cheo, amepewa watu wake, na hana hata roketi moja ya kuogopa.

Dada alipiga vigelegele. "Afadhali!" alisema. "Nilikuwa silali nikifikiria zile baruti. Mbao zimemuua nani?"

Milimeta alikuwa ameshika kijiko. Alikirudisha kwenye bakuli polepole, akanawa mikono, akatoka. Dada aliniuliza ana nini, nikasema labda tumbo.

Kesho yake nilimkuta karakanani amekaa juu ya sanamu ya shabaha ambayo haijamalizika.

"Shemeji," alisema, "hii kazi yake ni nini?"

"Kupigwa."

"Ikiwa nzuri zaidi?"

"Inapigwa zaidi," nikajibu.

"Mwanangu amesimama kando ya magari yangu," alisema.

Nilianza kusema labda vita havitakuja, tukasikia mvumo mahali fulani juu, wote wawili tukainua vichwa mpaka ukapita. Ilikuwa droni yetu wenyewe, ya mazoezi.

Siku ile ile alimpigia kijana simu, akamwomba aombe uhamisho. Kijana alishangaa. "Baba, nimepewa cheo jana, leo niseme sikitaki? Watu wangu watanionaje?" Milimeta alimwelewa, na hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa yeye angejibu vivyo hivyo.

Alikwenda kwa kapteni. Nilimsindikiza, maana nilijua akiwa peke yake atameza maneno. Aliomba kikosi cha mbao kipewe bunduki za kuzuia droni, hata moja. Kapteni alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ningependa, mzee," alisema. "Lakini ni chache, na zote zinalinda roketi. Siwezi kulinda kuni nikaacha roketi wazi."

Neno kuni lilimwingia. Alirudi nyumbani, na kwa siku kadhaa nilimwona akipima mbao zisizohitaji kupimwa. Kisha asubuhi moja alikuja akiwa na uso wa mtu aliyepata njia. Alinivuta pembeni akanieleza kwa kunong'ona, na nikiri kwamba hata mimi niliona ni ujanja mzuri. Hatabembeleza tena. Atazungumza kama fundi.

Tulimkuta kapteni uani, karibu na gari moja lisilo na dereva.

"Afande," Milimeta alianza, "kazi yangu ina kasoro. Imeninyima usingizi."

"Kasoro gani, mzee?"

"Kule kwa roketi za kweli kuna askari wenye bunduki za kuzuia droni, wamesimama kila pembe. Kule kwangu hakuna hata mmoja. Adui si mjinga. Ataangalia kutoka juu, atajiuliza, mbona vitu vya thamani hivi havilindwi? Atajua ni bandia."

Niliona maneno yakimwingia kapteni, na moyo wangu ukaanza kuchangamka. Alimshika Milimeta mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, wewe ni hazina," alisema. "Siku zote nilikuwa nahisi kuna kitu kinapungua, sikijui. Ni hicho hasa. Tutengenezee."

"Nitengeneze nini, afande?"

"Bunduki. Za mbao. Pima ya kweli hapa hapa kambini, nitaagiza wakuonyeshe."

Kapteni alikuwa amekwishageuka kumwita msaidizi wake. Nilitamani kumkimbilia nimwambie waziwazi, mama, huyu hakuwa anakushauri, alikuwa anamlilia mwanawe. Nilibaki nimesimama. Gari lile dogo lilikuja mpaka miguuni petu, likangoja, likatuzunguka.

Hakukataa. Angekataa, kazi ingepewa mtu mwingine. Alipima bunduki ya kweli, akakata mbao, akachonga. Lakini safari hii hakuniita nipime, na zilipokamilika nilielewa sababu. Mtutu ulikuwa umepungua kiganja kizima. Kishikio kilikuwa kimekaa upande. Mtu mwingine angeziona ni bunduki tu, ila mimi nimeishi na mwanamume huyu. Kwake kitu kama kile kilikuwa sawa na tusi.

"Mkono haukuumi?" nilimuuliza.

"Unaniuma sana," alisema. "Usimwambie mtu."

"Na watoto wa wenzetu, walio kwenye roketi za kweli? Adui akijua hizi ni bandia, atakwenda kuwatafuta hao."

Aliweka patasi mezani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwishajiuliza swali hilo mara nyingi. "Wao wana bunduki zinazofanya kazi," alijibu, na hatukulizungumza tena.

Gari lisilo na dereva lilikuja kuzichukua. Tulizifunga kwa vipande vya turubai, tukazipanga sandukuni, Milimeta akafunga kamba. Gari likaondoka bila kuaga. Alitembea kando yake, mkono juu ya sanduku, akaharakisha lilipoharakisha. Karibu na lango nilimsikia akisema, "Ngoja kidogo, ndugu," kama mtu anavyomwambia dereva. Hakukuwa na wa kumsikia. Mlinzi alimzuia yeye, likapita.

Siku ya majaribio tulialikwa ofisini kwa kapteni kama wageni wa heshima. Palikuwa na televisheni kubwa ukutani, maofisa kadhaa, na chai. Kapteni alitueleza utaratibu. Vijana wa droni kutoka kambi nyingine, wasioambiwa lolote, watarusha droni zao juu ya uwanda wote na kuchagua shabaha, kama angefanya adui. Sauti zao zilisikika kwenye redio, changamfu, za watoto wanaocheza. Milimeta alikaa ukingoni mwa kiti, na mimi peke yangu nilijua anaomba nini. Alikuwa anaomba wamcheke. Waseme, tazameni takataka hii.

Droni ilipita juu ya vichaka. Yakatokea magari, yakiwa na joto lake, maturubai yangu, nguo zilizoanikwa.

"Nimeyaona," sauti moja ikasema. "Ngoja niangalie ulinzi wao."

Picha ikasogea. Tukasikia wanabishana kidogo, kisha sauti ile ile ikasema bila wasiwasi, "Haya ndiyo ya kweli. Yana bunduki za kuzuia droni pande zote. Yale mengine tuliyopita yana chache tu, ndiyo bandia. Tunachagua haya."

Maofisa walipiga makofi. Mmoja alimgonga Milimeta begani karibu amwangushe.

"Afande," shemeji yangu alisema, "naweza kuona bunduki kwa karibu?"

Kapteni aliagiza, picha ikakua. Mtutu ulikuwa mrefu. Ulikuwa na urefu wake kamili, na kishikio kimenyooka.

"Ah, nilisahau kukuambia," kapteni alisema. "Zilipofika, kijana wako alizipima. Akasema, baba hakosei hata siku moja, lazima zimevunjika njiani, haya magari hayana adabu na mizigo. Akachonga vipande vipya, akaviunga, akapaka masizi. Hata mshono huuoni. Umemlea vizuri sana, mzee."

Nilimshika Milimeta mkono chini ya meza. Pale kwenye picha, kando ya bunduki iliyoelekezwa juu kwetu, alikuwa amesimama mtu mmoja mdogo, hana uso wala jina kutoka kule juu. Mguu mmoja ulikuwa chini. Wa pili ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa kwenye goti.

"Afande," Milimeta akauliza, "wale wa ng'ambo, macho ya droni zao ni kama haya?"

"Mazuri zaidi," kapteni alijibu kwa upole. "Ndiyo maana tunakuhitaji."

Kwenye redio kijana mmoja aliuliza kwa mzaha kama apige. Wote wakacheka, akaambiwa arudishe droni nyumbani.

Tulirudi kwa miguu. Dada alikuwa anatungoja nje, kanga begani, uso unang'aa, kwa maana tulikuwa tumemwahidi habari za mwanawe.

"Mmemwona?"

"Tumemwona," Milimeta alisema.

"Amekonda?"

"Kutoka juu huwezi kujua."

"Sasa mmejuaje kuwa ni yeye?"

Milimeta alikaa kwenye ngazi ya mlango. "Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja," alisema.

Dada aliangua kicheko, akajishika mbavu. "Mungu wangu, mtoto huyu! Yaani hata jeshi limemshindwa! Yule hata umwangalie kutoka mbinguni, utamjua tu."

Akaingia ndani kututengea chakula, bado anacheka, na sisi wawili tukabaki nje tukitazama juu.